Neno Tu

Saa tisa usiku, Invercargill.
Upepo wa kusini unagonga dirisha kama mdai
aliyechoka kuambiwa njoo kesho.
Wodi ya tano, vitanda ishirini na viwili,
na mimi nimetia mikono mifukoni
makusudi.

Hili ndilo somo gumu, Mereana,
na anayejifunza ni mimi:
kuiacha mikono yangu ilale
wakati yako inahangaika na mpira wa dripu.
Miaka kumi na tisa imezoea kudaka.
Naikunja ngumi humo humo,
pamoja na ganda la peremende
na kalamu ya rangi nne.

Wiki tisa umenifuata, uzi na sindano.
Usiku huu uzi umetangulia.

Mzee Dunnage, kitanda cha kumi na nne,
mfugaji wa kondoo kutoka Tuatapere,
nyonga mpya, siku ya pili.
Saa sita namba zake zote zilipendeza.
Ungeziandika, ukapita zako.
Lakini ulirudi kwangu, ukaninong'oneza:
"Hajaitukana chai."

Kila usiku huitukana chai yetu.
Huiita maji ya kuogeshea kondoo.
Leo amesema asante.

Hakuna ukurasa katika vitabu vyako vyote
wenye kichwa hicho: Mgonjwa Amesema Asante.
Ukamhesabia pumzi upya, dakika nzima,
si nusu dakika mara mbili kama tufanyavyo tukichoka.
Ishirini na sita.

"Mpigie daktari."
"Mimi?"
"Wewe. Lakini anza na mimi. Mimi ndiye daktari,
nimeamshwa, nina hasira."
"Samahani, daktari, mimi ni mwanafunzi tu..."
"Nimekata simu."

Kwa lugha niliyokuja nayo huku
tu ni kineno cha mkiani,
huifuata sentensi na kuishusha bei:
msichana tu, mwanafunzi tu, muuguzi tu.
Kivute mbele, kinageuka:
tu wauguzi. Tu macho. Tu hapa.
Ukacheka, mara ya kwanza tangu saa tano.
Ukasema bibi yako wa Ruatoria
alikuwa akikufinya kanisani, tū! tū!
na kwa Kimaori maana yake simama.

Ukasimama. Ukapiga.

"Naitwa Mereana Tipoki, wodi ya tano.
Nina wasiwasi na Bwana Dunnage."
Kisha namba. Kisha, bila kuona haya, chai.
Upande wa pili kimya,
halafu mtu akitafuta viatu gizani.

Saa kumi na nusu walimshusha kupigwa picha,
blanketi hadi kidevuni,
na wewe ukishika upau wa kitanda kana kwamba
ni wewe uliyekuwa ukisukumwa.

Fomu ya chuo ina visanduku vinne
na mstari mmoja wa maoni.
Nimeuandika, nimeufuta.
Julai, ukifaulu mtihani, jina lako litapewa namba,
na funguo za kabati la dawa zitakukwaruza paja,
na hapatakuwa na mtu nyuma yako
mwenye mikono mifukoni.
Utalia ndani ya gari, kioo kimejaa ukungu.
Usiwashe injini mpaka umalize.

Alfajiri, tukivua viatu, uliniuliza:
"Je, nisingerudi?"

Sikukujibu. Nilijifanya natafuta skafu.
Swali hilo halina dawa, linazoeleka,
kama jirani mwenye mbwa.
Langu linaitwa Bi Corrigan,
kitanda cha tatu, mwaka wangu wa kwanza.
Alinishika kidole akasema asante, mwanangu,
nami nikaandika, kwa mwandiko mzuri sana,
mgonjwa ametulia.